Mwezi Ukijaa, Taa Haivuti: Kisa cha Wimbo Mmoja wa Kigoma

Hiki ndicho kiitikio kama kilivyoletwa kwangu Juni 2024:

Wewe ni ua la moyo wangu,
asali ya maisha yangu,
nyota ya usiku wangu,
bila wewe sina changu.

Aliyekiandika ni binti wa miaka 22 wa Kibirizi, Kigoma mjini. Mama yake hununua dagaa wabichi mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, huwaanika, huwageuza, na wakishakauka huwauza kwa wachuuzi wanaowasafirisha mikoa mingine. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, kwa hiyo sehemu za kuanikia zilikuwa tupu na nyumba nyingi za pale zilikuwa zinabana matumizi. Binti akawa na jioni zake zote. Akawa anapanda Mwanga, ninakoishi, pamoja na mpiga gitaa wake kutoka Ujiji na vijana wengine wachache wanaojaribu kuandika nyimbo. Mimi hufundisha uandishi wa nyimbo. Wamekubali nikieleze kisa hiki, na majina yao nimeyaacha.

Sauti yake haikuwa na tatizo. Melodi nayo ilikuwa nzuri, inapanda polepole na kukaa juu pale penye "usiku", halafu inashuka kwa namna inayomfanya msikilizaji asubiri mstari unaofuata. Habari yenyewe ni ya kweli na nzito: mwanamume amepanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mwanzoni anapiga simu kila siku, kisha kila wiki, kisha hapigi. Kwa hiyo tulikuwa na mwimbaji, melodi na kisa. Maneno ndiyo yaliyokuwa yamelala.

Nilimuuliza, "Ua gani?"

Akafikiri. "Ua tu, Mwalimu."

Jibu hilo linaeleza ugonjwa kuliko maelezo yoyote ninayoweza kutoa. Tukafanya jaribio ambalo huwa nalianza nalo kila ninapokutana na kiitikio cha namna hii: badilisha picha zote na uone kama wimbo unaumia. Weka "lulu" mahali pa "ua", "sukari" mahali pa "asali", "jua" mahali pa "nyota". Mpiga gitaa akauimba hivyo na hakuna aliyeshtuka. Picha inayoweza kuondolewa na nyingine ikaingia bila mtu kujua haifanyi kazi yoyote ndani ya wimbo. Imekaa pale kwa sababu nyimbo nyingine zinayo.

Na asali! Mkoa jirani wa Tabora watu wanarina asali katika misitu ya miombo, wanapanda mti na moshi mkononi, wanaumwa. Mwenye kujua asali inavyopatikana ana wimbo mzima ndani ya neno hilo, una moshi, una urefu wa mti, una miiba ya nyuki, una swali la nani alipanda na nani alilamba. Katika kiitikio hiki asali ilikuwa tamu basi.

Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Ua linaota bustanini, asali iko mzingani, nyota iko mbinguni. Mistari mitatu, mahali patatu. Msikilizaji hapati nafasi ya kuingia popote, kwa sababu kabla hajavuka kizingiti ameshavutwa kwenda nyumba nyingine.

Jambo lililonigusa ni kwamba binti huyu alimaliza kidato cha nne na tamathali za semi anazijua kwa ufasaha. Alinitajia tashbiha, sitiari, tashihisi, akatoa na mfano wa kila moja. Mtihani ulimtaka azitambue katika shairi la mtu mwingine, akazitambua. Hakuna siku aliyotakiwa kutengeneza moja kutokana na kitu alichokishika kwa mikono yake. Sisemi hivyo kuwalaumu walimu, wana silabasi na wana madarasa yaliyofurika. Lakini kujua jina la sitiari na kuweza kuizaa ni kazi mbili tofauti, na ya pili ina mazoezi yake.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema uhodari wa sitiari ndilo jambo kubwa kuliko yote kwa mshairi, na kwamba mtu hawezi kujifunza kwa mwingine. I. A. Richards, mhakiki wa fasihi wa Uingereza, alimpinga waziwazi katika mihadhara yake iliyochapishwa 1936, akisema sote tunaipata sitiari tunapojifunza kusema, kama tunavyopata mengine yote yanayotufanya binadamu. Mimi niko upande wa Richards, na sababu yangu kubwa iko hapahapa kwetu. Mtoto wa miaka sita ambaye hajawahi kushika kalamu anasikia "Blanketi la babu lina chawa" na kujibu "Mbingu na nyota!" Bibi hakumfundisha nadharia yoyote. Alimwambia tu "Kitendawili!" naye akajibu "Tega!"

Kwa hiyo tulianzia kwenye vitendawili, ila tuliviendesha kinyumenyume. Katika kitendawili cha kawaida fumbo linakuja kwanza na jibu linatafutwa. Sisi tulitoa jibu kwanza, na jibu lilikuwa jambo lisiloshikika: wivu, deni, subira, kuachwa, uongo. Kila mtu atege kitendawili chake. Masharti yalikuwa machache na nilikuwa mkali juu yake. Hakuna "kama". Hakuna kutaja rangi wala umbo. Na lazima kitu hicho kiwe kinafanya jambo.

Sharti la mwisho ndilo muhimu. "Wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana": jibu ni milango. Hakuna anayesema milango inafanana na watoto kwa sura. Kinachofanana ni mwenendo wao, kuachana mchana na kukutana usiku. Vitendawili vyetu vizuri vingi vimejengwa hivyo, juu ya kitenzi, na ndiyo sababu vinadumu.

Raundi za mwanzo zilikuwa nzito. Kwa "wivu" walitoa moto, nyoka na sumu, yaleyale. Nikawaacha wamalize hayo, kwa sababu ya juu lazima yatoke kwanza ndipo ya chini yaonekane. Kisha kijana mmoja, asiye mwimbaji hata kidogo, anaandikia wenzake tu, akatega: "Analinda nyumba isiyo yake." Kimya, halafu kelele. Mwingine kwa "deni": "Nilimleta mdogo, anakula nikilala." Binti wa Kibirizi kwa "subira" alitega hivi: "Nimeanika, na mbingu haijaamua." Hapo nilijua ana kitu. Alikuwa ametoka bustanini ambako hajawahi kufanya kazi, amerudi mwaloni.

Jioni nyingine tukaleta makopo mawili. Kopo la kwanza lilikuwa na karatasi za hisia. La pili, vitenzi vya kazi, na hivyo niliwataka wavikusanye wenyewe kutoka nyumbani kwao: kuanika, kugeuza, kupembua, kuopoa, kuziba nyufa za mtumbwi, kushona wavu, kupiga kasia, kukamua mawese, kupakia mabehewa. Unachota moja huku na moja huku, unaunganisha, na unapaswa kuendelea na sentensi hadi iwe kweli. Neno "kweli" lilizua maswali. Maana yake ni kwamba sentensi ya pili lazima itokane na jinsi kazi ile inavyofanyika.

Mmoja alichota "hasira" na "kuanika". Akasema, "Nimeanika hasira yangu juani, jioni imekuwa nyepesi." Wakampigia makofi. Nilikubali kwamba ni mstari mzuri. Lakini binti, ambaye amegeuza dagaa tangu utotoni, alikuwa anatikisa kichwa.

"Ikikauka haiozi," alisema. "Kitu unakianika ili kikae."

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dakika muhimu kuliko zote katika kisa hiki, hata kuliko ya taa nitakayoieleza. Mwenzake alikuwa ameona upande mmoja wa kuanika, wepesi. Yeye aliona kazi ya kuanika: dagaa mbichi ana saa chache tu, dagaa mkavu unamweka ghalani miezi na kumsafirisha hadi mbali. Hasira mbichi ina harufu, lakini inaisha. Hasira uliyoikausha kwa uangalifu, ukaigeuza pande zote, ukaifunga guniani, hiyo utaitoa mwakani ikiwa nzima. Sitiari iligeuka ikasema kinyume cha ilichoanza kusema, na ikawa ya kweli zaidi. Haikutokana na kipaji cha kuzaliwa. Ilitokana na mtu anayeijua kazi kuulizwa swali sahihi.

Pat Pattison, aliyefundisha kwa miaka mingi uandishi wa maneno ya nyimbo katika chuo cha muziki cha Berklee, Boston, ana maswali mawili anayowapa wanafunzi wake: kitu changu kina sifa gani, na ni kitu gani kingine chenye sifa hiyo? Ni maswali mazuri na nayatumia. Ila kwa vijana wa hapa naongeza la tatu, na naliweka mbele ya hayo mawili: kinafanyaje kazi? Ukianza na sifa, kijana anakupa kivumishi: tamu, zuri, kali. Ukianza na kazi anakupa kitenzi, na kitenzi kinakuja na mahali, na wakati, na mtu anayekifanya.

Si michezo yote iliyozaa. Tulijaribu ule wa kufungua kamusi ukiwa umefumba macho, ukagusa nomino, ukafungua tena ukagusa kivumishi. Tukapata "fundo lenye njaa", "bega la kijani", "kofia yenye huzuni". Tulicheka sana, na kicheko kina faida yake kwa kikundi kipya kinachoogopana, lakini hakuna mstari hata mmoja uliohamia kwenye wimbo. Maneno yaliyogongana kwa bahati hayana historia na mwandishi. Wapo waandishi wanaoupenda mchezo huo na unawafaa. Kwa kikundi hiki niliuacha.

Uliotufikisha kwenye wimbo ni mchezo wa kigeni, na naueleza vizuri kwa sababu unachezeka popote. Mshairi Mfaransa André Breton na wenzake wa Paris waliucheza katika miaka ya 1950. Mchezaji anatoka nje na kuchagua kwa siri kuwa kitu fulani. Waliobaki ndani nao wanachagua kitu kingine, bila kujua cha kwake. Akirudi anaambiwa, "Wewe ni fulani." Anatakiwa ajieleze kama huyo fulani, lakini kwa tabia za kitu chake cha siri, hadi wenzake wakitambue. Hakuna nafasi ya kufananisha kwa nje. Vitu viwili vinalazimishwa kuishi katika mwili mmoja.

Binti alitoka nje. Waliobaki, kwa kuwa wanajua wimbo wake, wakaamua awe mwanamke aliyeachwa. Aliporudi na kuambiwa, alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza:

"Mimi ni mwanamke aliyeachwa. Nakesha nje, juu ya maji. Simfuati mtu. Nakaa hapohapo, anayekuja anakuja mwenyewe. Wananipenda usiku wa giza tu. Nikipoa asubuhi ndipo wanahesabu walichopata."

Mpiga gitaa alipiga kelele kabla hajamaliza: "Karabai!"

Kwa msomaji asiyelijua ziwa letu: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga. Taa inaning'inizwa juu ya maji, dagaa wanaukusanyikia, wavu unapandishwa kutoka chini yao. Zamani ilikuwa karabai, taa ya mafuta ya kupampu, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Ukisimama mlimani Kigoma usiku wa giza, kunapokuwa na uvuvi, unaona mstari wa taa ziwani kana kwamba kuna mji mwingine upande ule.

Usiku uleule aliandika rasimu. Mstari wa kwanza ulisema: "Usiku wa mbalamwezi nimewasha karabai, nakuita." Unasikika vizuri. Una mwezi, una maji, una taa. Nadhani wengi wetu tungeuacha hivyo. Aliusoma nyumbani, na mama yake, aliyekuwa anachambua mchele, akainua kichwa.

"Mbalamwezi, mwanangu? Nani anaingia ziwani mbalamwezi? Hiyo taa inamwita nani?"

Nilipowatembelea Kibirizi nilimwamkia na kumwomba anieleze tena, akanieleza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kuulizwa na watu wasiojua ziwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali juu ya maji, dagaa wametawanyika, hawana sababu ya kuja kwenye taa yako. Ukiwasha unachoma mafuta bure. Wavuvi wanapumzika siku hizo, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi. Mwezi ukishapungua na giza likarudi, ndipo kazi inarudi. Kisha akaongeza jambo ambalo hatukumuuliza: "Na ukiwasha hawaji dagaa peke yao, Mwalimu. Mgebuka anawafuata. Taa haichagui." Mgebuka ni samaki mkubwa zaidi, anayewala dagaa.

Katika maelezo hayo wimbo wote ulikuwa umeshaandikwa. Mwanamume amekwenda kwenye mji wa mwanga mwingi. Taa ya Kibirizi haijazimika na haijapungua nguvu. Imezidiwa na mwangaza uliotapakaa kila mahali, usio wa mtu yeyote. Kwa hiyo mwanamke huyu hana haja ya kulia wala kuomba. Anaijua kalenda ya mwezi. Anangoja giza.

Angalia umbali kati ya hapo na "bila wewe sina changu". Yule wa kwanza ni mtu aliyeporwa. Huyu wa pili ni fundi anayejua kazi yake na anajua kwa nini leo haifanyi kazi. Hisia zenyewe zimebadilika kwa sababu sitiari ilifuatwa hadi ndani, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema sitiari ni pambo la kupaka juu ya maana iliyokwisha kuwapo. Binti hakujua kwamba mwanamke wa wimbo wake hana hofu hadi mama yake alipoeleza habari za mwezi.

Tukajenga kiitikio. Mpiga gitaa alitaka mizani 16, nane kwa nane, kwa kuwa babu yake alikuwa mtunzi wa mashairi na mapigo hayo yamo mwilini mwake. Melodi ikabidi inyooshwe kidogo. Kubishana juu ya neno "karabai" kulichukua muda: wazee wanalipenda, vijana wanatumia taa za sola. Binti akaamua "taa", inayobeba zote mbili na inapita kirahisi mdomoni. Hiki ndicho kilichopatikana:

Mwezi sasa umejaa, taa yangu haivuti,
mwanga umetapakaa, wa kwangu huutafuti,
giza litapozagaa, nitawasha, sifuati,
na ukiiona taa, njoo wala usisiti.

Lirudie jaribio la kwanza. Badilisha "taa" uweke "ua", wimbo unaanguka palepale. Badilisha "mwezi" uweke "jua", hakuna kinachoeleweka. Kila neno limeshikwa na jingine. Na neno ninalolipenda kuliko yote ni "sifuati", kwa sababu ni tabia ya taa na ni msimamo wa mwanamke kwa wakati mmoja, bila kuelezwa.

Ubeti wa pili ulituletea shida ya mtu aliyetajirika ghafla. Baada ya majuma ya michezo daftari lilikuwa limejaa picha nzuri na alitaka zote ziingie. Kulikuwa na huu: "Treni imekuchukua, reli haina machozi." Na huu: "Mapenzi yetu mawese, yameganda kwa baridi." Kila mmoja ni mstari halali. Mawese huganda kweli asubuhi ya baridi na kulainika jua likitoka, mtu wa Kigoma hahitaji kufafanuliwa. Lakini ukiviweka vyote pamoja na taa, tunarudi kwenye bustani, mzinga na mbingu, safari hii kwa lugha bora zaidi.

Nilishauri mawese yatoke yote, yasubiri wimbo wao. Treni ilikuwa swali gumu zaidi. Mwanamume alipanda treni kweli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na tangu siku hizo kituo kile kimekuwa mahali pa kuagana. Treni katika wimbo huu ni tukio, haijasimama badala ya kitu kingine. Kitu cha kawaida kilichotajwa kwa jina lake hakigombani na sitiari, kinaipa mahali pa kukaa. Kinachogombana ni "machozi" ya reli, kwa sababu hapo reli nayo imeanza kuwa mtu, na tayari tuna taa iliyo mtu. Akabakiza "Treni imekuchukua" na nusu ya pili akaiandika upya kwa maneno ya kawaida kabisa. Iliuma kuukata. Nadhani bado inamuuma.

Maneno ya mama kuhusu mgebuka yalileta mstari ambao mimi nisingeufikia kamwe. Mwanamke akikaa peke yake miezi mingi, wapo wanaume wanaoanza kupita pita. Binti akaandika: "Naiwasha kwa mmoja, wengi wanaizunguka." Taa haichagui. Mtu asiyejua uvuvi anauelewa mstari huo mara moja, na mvuvi anauelewa mara mbili. Mpiga gitaa alikuwa na wasiwasi kwamba watu wa Dar hawataelewa habari za mwezi na dagaa. Naona jibu liko hapo. Msikilizaji wa mbali anahitaji tu mwezi, mwanga na taa, vitu ambavyo kila mtu anavyo. Wavu, dagaa na migebuka vimebaki chini ya maji, vinaushikilia wimbo bila kutajwa.

Lakini wavu haukukubali kubaki chini kimya. Ni mpiga gitaa tena aliyeuliza, "Kwani akija unamvua?" Swali zito. Taa ya mvuvi haiiti kwa upendo. Dagaa anayeifuata anaishia kwenye gunia. Kila sitiari inakuja na upande ambao hukuuomba, na mwandishi ana njia tatu: kuufunika, kuukana au kuukubali. Kuufunika haikuwezekana, msikilizaji wa Kigoma ataona wavu hata usipotajwa. Binti akachagua kuukana waziwazi:

Chini ya taa si wavu, ni mkono unangoja.

Mstari huo ni mzuri na unapendwa na kila aliyeusikia. Mimi ningeuacha wavu. Ningependa mwanamke huyu akiri kwamba kumwita mtu arudi ni kutaka kumshika, kwamba mwanga wa upendo una wavu wake, na kwamba yeye anajua. Wimbo ungekuwa mkali zaidi na ungemtisha msikilizaji kidogo mahali alipojiandaa kufarijiwa. Tulijadili kwa kirefu. Alinijibu kwamba mimi nataka wimbo kuhusu taa, yeye anataka wimbo kuhusu yule mwanamke, na mwanamke huyo si mvuvi. Ni hoja ya haki. Wimbo ni wake, mstari umebaki.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti mama akarudi mwaloni, na binti naye akawa anahitajika kugeuza dagaa, kwa hiyo kurekodi kulichelewa. Walirekodi katika studio ndogo hapa mjini. Prodyuza alitaka kiitikio kipunguzwe kiwe mistari miwili, akisema minne ni mingi kwa biti aliyoitengeneza. Wakajaribu wa kwanza na wa nne peke yake. Ilisikika vizuri, lakini giza halikuwapo, na bila giza hakuna sababu ya yule mtu kuiona taa. Wakajaribu wa kwanza na wa tatu: mwezi umejaa, kisha giza na "sifuati". Huo ulisimama. Mistari yote minne inaimbwa mara moja tu, mwishoni, gitaa likiwa peke yake.

Sasa anaandika wimbo kuhusu hasira iliyoanikwa. Mwenzake aliyechota karatasi ile anaandika naye, nusu kwa nusu, na swali walilokwama nalo ni mvua: ikinyesha juu ya hasira iliyokwisha kukauka, inaoza au inalainika? Wamempelekea mama.